Shimo la Siku ya Mashujaa

Kijijini kwetu, upande huu wa Igamba, mwanamume hapimwi kwa ekari za kahawa. Anapimwa makaburini. Msiba ukitokea, kila nyumba inatoa mwanamume na jembe, sururu au chepe, na kila aliyefika lazima ashuke shimoni, hata kama ni kwa kutupa udongo kidogo tu na kutoa jasho. Mgonjwa anasamehewa. Mwenye tai hasamehewi. Ataivua, ataitundika kwenye tawi, na atashuka.

Mimi nimo katika kundi la wachimbaji tangu nilipooa, kwa hiyo naweza kusema kwamba makaburi yetu ni mazuri. Kuta zinasimama wima, kona hazipindi, udongo unarundikwa upande mmoja ili wafiwa wapate pa kusimama. Kiongozi wetu, Nikodemo, hana habari na futi ya fundi. Anapima kwa mpini wa jembe lake, na akishaulaza chini anajua kila kitu anachotaka kujua. Watu wa Ruanda, kijiji cha jirani, wakija kuzika kwetu huchungulia ndani na kunyamaza, na sisi tunajua kwa nini wamenyamaza.

Amoni Nzowa ni jirani yangu. Shamba lake na langu yanatenganishwa na mstari wa migrevilea, na kwa sababu ya kivuli cha hiyo migrevilea tumegombana mara nyingi tu. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani ni ndugu yangu ninayempamba. Alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajiuliza kama ziote, akarudi na buti, koti zito na ukimya. Wengine waliokwenda vita vile kutoka kwetu wamekwisha kufa. Amebaki yeye. Na Amoni huyo, askari, hajawahi kushuka kaburini.

Si kwamba anakosa misiba. Anafika kabla yetu, na udongo ukiwa bado wa juu anachimba vizuri kuliko vijana. Shimo likifika magotini, anatoka, anafuta mikono kwenye suruali na kusema mgongo. Mgongo huohuo unabeba gunia la kahawa mbichi mpaka kwenye mashine ya kukoboa. Akishatoka analala kifudifudi ukingoni, na tangu hapo kazi yake ni moja, kumpa mkono kila anayepanda. Unamaliza zamu yako, unainua uso, unakuta mkono wa Amoni umekwisha kunyooshwa, na anakuvuta kwa nguvu mpaka bega linauma. Tulizoea hivyo hata wengine tukasahau kabisa kazi ya kutoa mkono. Hiyo ilikuwa nafasi ya Amoni.

Watu walisema anaringa. Askari huyu, walisema, hataki kuchafuliwa na udongo wa raia. Nikodemo alilitoa waziwazi kwenye kikao cha kuzikana. "Mzee mwenzangu," alisema, "siku yako ikifika, tukuchimbie shimo la magotini?"

Watu wakacheka. Amoni naye akacheka, huku anaizungusha kofia yake mapajani. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona shingo yake imelowa jasho, na ilikuwa Juni, mwezi ambao huku kwetu mtu anavaa sweta mchana kweupe. Hapo ndipo nilipojua kuwa haringi. Anaogopa. Na nilijua pia kwamba yuko radhi aitwe mwenye maringo mpaka kufa, kuliko kijiji kijue kuwa askari wao anaogopa shimo.

Mkewe, Rozi, alinithibitishia bila kukusudia. Nilimuuliza tu kwa nini choo chao alichimba shemeji yake wakati mwenye nyumba ana nguvu za ng'ombe. Akasema mzee akitazama shimo refu, siku hiyo hali chakula. Kisha akajishika mdomo.

"Usilitoe nje hilo, baba Nesta," akaniambia. "Ataniacha."

Sikulitoa. Lakini sikumwonea huruma pia, lazima niseme ukweli. Nilifikiri, kama ni woga, sote tunaogopa, na bado tunashuka.

Mwaka jana shuleni kwetu aliletwa mwalimu mpya, Fortunata, msichana wa vitendo, asiyejua kukaa. Alisema watoto wanaisikia Siku ya Mashujaa redioni tu, mwisho wa Julai, na kwamba wakiulizwa shujaa ni nani wanataja wacheza mpira. Akapata wazo. Litachimbwa handaki kwenye ukingo wa kiwanja cha shule, na mzee Amoni atasimama ndani yake na kuwaeleza watoto jinsi askari walivyoishi.

Nilikuwa kwa Amoni siku mwalimu alipokuja, tukigeuza kahawa kwenye vichanja. Alipiga goti vizuri, akatoa shikamoo, akaeleza jambo lake. Amoni aliendelea kuokota punje mbovu. Mwalimu akadhani mzee hajavutiwa, akaongeza chumvi.

"Tumempata na ndugu wa askari marehemu, babu. Mama Restuta wa Ruanda. Kaka yake alifia huko Kagera, alikuwa anaitwa Aliko. Labda ulimfahamu."

"Nilimfahamu," alisema Amoni.

"Basi tutakuja kukuchukua asubuhi," mwalimu akasema kwa furaha, akaondoka zake. Hakujua kwamba mzee hajakubali. Mzee mwenyewe hakujua akatae kwa maneno gani.

Alipofika mbali, Amoni aliacha kuokota. "Gibson," akaniambia, "mimi na Aliko tulipanda lori moja pale Vwawa."

"Kwa hiyo ulikiona kifo chake?"

"Nilikuwepo."

"Na uliporudi ulikwenda kwao ukawaeleza?"

Akaanza tena kuokota punje, na sasa alikuwa anatupa nzuri na mbaya pamoja. Kwetu hilo si jambo dogo. Aliyekuwa na marehemu dakika zake za mwisho anakwenda kwa wafiwa, anakaa chini udongoni, anavua kofia, anaeleza ilivyokuwa tangu mwanzo. Asipokwenda, msiba hauishi. Ndipo nikakumbuka kwamba katika miaka yote ya ujirani wetu sijamwona Amoni akienda Ruanda, si kwenye mnada, si kwenye arusi. Mara moja tulikuwa tunapita huko kwenye gari la kuchukua mbolea, akavuta kofia akafunika uso kama amelala. Niliwahi kumtania kwamba ana mtoto wa nje huko.

Handaki tulichimba sisi. Mwalimu alimwambia Nikodemo kwamba anataka la kumtosha mtu mmoja, linalomfika kifuani, akakimbilia kufundisha watoto kwaya. Nikodemo hakuuliza zaidi. Shimo la kumtosha mtu mmoja ni kitu ambacho ametumia maisha yake yote kukijua. Aliulaza mpini wa jembe, akachora mstari, tukaanza. Tulikuwa na furaha siku hiyo, kwa sababu hakuna aliyekufa, na kazi ya shimo bila kilio tulikuwa hatuijui. Tulipiga kuta zikasimama wima. Tulirundika udongo upande mmoja. Tukanyoosha kona. Kina kilipofika kifuani hakuna aliyesimama, kwa maana mikono ilikuwa bado haijafika inakofikaga. Jioni tuliliangalia, tukaridhika, tukaenda kunawa.

Asubuhi wanawake walianza kufika kwa ajili ya sherehe. Wa kwanza kuchungulia alikuwa bibi Gwantwa, ambaye umri wake haujulikani na ulimi wake unajulikana.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, bibi," mwalimu Fortunata akajibu. "Hilo ni handaki."

"Mwanangu, nimezika waume na watoto. Hili ni kaburi."

Tukasogea. Lilikuwa kaburi. Lilikuwa kaburi safi kuliko yote tuliyowahi kuchimba, kichwa magharibi na miguu mashariki, kina kupita kichwa cha mtu, na tulikuwa tumelichimba kwenye kiwanja cha shule, mbele ya watoto. Nimewahi kuaibika, lakini si kwa kiasi hicho. Wachimbaji wote tulianza kutazama viatu vyetu.

Fortunata akasema basi lifukiwe tu. Wazee wakatikisa vichwa. Kwetu kaburi lililokwisha kuchimbwa halifukiwi tupu. Likichimbwa kwa makosa, unakatwa mgomba, unavikwa nguo, unazikwa kama mtu, ndipo watu wanakwenda kulala kwa amani. Mwalimu alikuwa karibu kulia. Wageni wanaingia, kwaya imejipanga, na yeye ana msiba wa mgomba.

Katika hali hiyo ndipo Amoni alipotokea, amevaa lile koti zito, ameshika bunduki ya mbao ambayo watoto walimchongea. Alitembea vizuri mpaka alipoliona shimo. Akasimama. Uso wake ukabadilika rangi ukawa kama majivu, na ile bunduki akaishusha taratibu akaiegemeza kwenye mti.

Kwenye viti vya mbele mwanamke mmoja akanyanyuka. Alikuwa mtu mzima, mrefu, amevaa kitenge cha kanisani na viatu vya wazi. Sikuhitaji kuambiwa, kwa maana Amoni alikuwa amemwona na alikuwa anatafuta pa kuficha macho.

"Mimi ni Restuta, wa Ruanda," akasema. "Nimesikia mnachosema. Kama kaburi limechimbwa na linataka mtu, msiniletee mgomba wa bure. Mzikeni Aliko. Sisi wetu alizikwa mbali, hatujaona hata udongo wake. Mama amekufa anauliza."

Bibi Gwantwa ndiye aliyesema inafaa, na akishasema yeye mambo yamekwisha. Mgomba ukakatwa nyuma ya nyumba ya mwalimu. Restuta akafungua kitenge alichokuwa amejitanda mabegani, akauvika.

"Na wa kumpokea chini," akasema, "awe kaka Amoni. Ndiye aliyekuwa naye."

Kijiji kizima kikageuka. Niliona vijana wa kundi letu wanatazamana, na mmoja ana kicheko kimemkaa kwenye kona ya mdomo. Walikuwa wanangoja mgongo. Na mimi, niliyejua, nilitamani auseme huo mgongo, aondoke, tumalize.

Amoni alikwenda mpaka mbele ya Restuta. Akakaa chini, udongoni, akavua kofia.

"Dada, kabla sijashuka nina neno," akasema. "Nilitakiwa nije nalo zamani."

Restuta naye akakaa chini. Wanawake wote wakakaa. Wanaume tukabaki wima tukiwa hatujui tushike nini.

"Tuliwekwa kwenye mahandaki upande huu wa mto Kagera," Amoni akasema. "Ilikuwa mvua za Desemba. Maji yalitufika hapa." Akagusa goti. "Tulilala tumesimama, tumeegemeana migongo. Ukivua buti, ngozi inatoka nayo, kwa hiyo tukaacha kuvua. Moto hauwashwi, adui ataona moshi, kwa hiyo unga tunaukoroga na maji hayohayo. Mwenye haja, haja yake ni humohumo. Chawa walitutafuna mpaka tukaacha kujikuna. Aliko ndiye aliyekuwa anatuchekesha. Alikuwa anamwigiza karani wa ushirika anavyoweka kidole kwenye mizani ya kahawa. Watu wanatetemeka kwa baridi, wanacheka."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akajinyamazisha.

"Siku hiyo walianza kutupiga mizinga kutoka ng'ambo. Udongo ulikuwa umelowa, kuta zikaanza kumeguka. Kwenye kona yetu tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Hakuna ngazi. Aliko akainama. Akasema, panda begani kwangu, ukifika juu unipe mkono." Amoni akaigeuza kofia. "Nikapanda. Nilikanyaga bega lake, nikafika juu. Nikasikia kombora lingine linakuja. Sikumpa mkono, dada. Nilikimbia."

Akaitua kofia udongoni, akaendelea.

"Niliporudi ukuta ulikuwa umelala. Tulichimba kwa mikono. Cha kwanza kukiona kilikuwa mkono wake, alikuwa ameunyoosha. Nyumbani mliambiwa ameuawa na mizinga. Si uongo, lakini sivyo. Ndiyo maana sikuja. Ningesema nini? Naona aibu. Naona aibu nikiamka, naona aibu nikilala. Leo mwalimu ameniita shujaa mbele ya watoto, nikaona bora ardhi ifunguke, na nyie mmeshaifungua."

Mimi nilikuwa nakumbuka mkono unaonivuta kila nitokapo kaburini, na bega langu lililozoea kuuma. Nilikumbuka pia nilivyowahi kumwambia asinivute hivyo, mimi si gunia. Nilitamani kuyarudisha maneno hayo mdomoni.

Restuta hakulia. Alikuwa anafutafuta vumbi kwenye kitenge kilichovikwa mgomba, kana kwamba ndicho kitu pekee cha kufanya duniani.

"Mama alisikia umerudi," akasema mwishowe. "Alichinja kuku, akapika, akakungoja. Hukuja. Kesho yake akapika tena. Ilifika mahali tukamwambia mama, acha kupika, huyo mtu haji. Akasema labda njia imemchelewesha." Akapumua. "Tulitaka mtu wa kutuambia, kaka Amoni. Hata ungekuja na hayohayo, ungekula kwanza, halafu tungelia. Umetunyima hata hilo."

Amoni alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso linakaribia magoti, na mabega yake ndani ya koti yalikuwa yanacheza. Hakuna mtu aliyekuwa anatabasamu tena.

"Sasa shuka umpokee," Restuta akasema.

Amoni akavua koti. Nikodemo alitaka kushuka naye, kwa kuwa kwetu wapokeaji huwa wawili, Amoni akasema kwa sauti ndogo, "Niacheni." Alikaa ukingoni, akaning'iniza miguu. Alifumba macho kama mtu anayekunywa dawa chungu, akajiachia. Tukasikia miguu yake inagonga chini, kisha pumzi, pumzi nyingi, za haraka, mpaka nikadhani atazimia humo. Kisha mikono miwili ikatokea juu, imefunguliwa, inangoja.

Tukamshushia Aliko. Alimpokea kwenye kifua chake, akaenda naye chini taratibu. Alimlaza, akakunjua kitenge kilichokuwa kimekunjamana upande wa miguu, akakinyoosha. Alisema naye kitu. Sisi tuliokuwa karibu tulisikia sauti bila maneno, na hakuna aliyetaka kusogea asikie zaidi. Kwaya ilianza wimbo wa mazishi bila kuamriwa, kwa unyonge, wakakosea mwanzo wakaanza upya.

Kazi ilikuwa imekwisha. Amoni akasimama, akaweka viganja kwenye ukingo, akataka kupanda. Kaburi lile tulikuwa tumelipiga vizuri mno, halikuwa na pa kukanyaga. Akajaribu tena. Udongo ukamegukia usoni mwake, naye akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume mzima.

Na sisi tulisimama tu. Hata sasa nikiwaza naona haya. Haikuwa roho mbaya. Pale ukingoni ilikuwa nafasi ya Amoni, na kila mmoja wetu alikuwa anangoja mkono wa Amoni utokee umvute Amoni.

Aliyekwenda alikuwa Restuta. Alipiga magoti, na kitenge chake cha kanisani, akalala kifudifudi kwenye udongo tuliourundika, akashusha mkono shimoni.

Amoni akautazama. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mkono huo siustahili, dada."

"Najua," Restuta akasema. "Shika, utoke."

Akaushika. Alitoka amefumba macho, amejaa udongo mpaka kwenye nyusi, na sisi wachimbaji hodari wa Igamba tukawa tunatazama pembeni, kila mtu na mikono yake mifukoni.